Msaada wa maafa: nani ashike daftari?



Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka kuelekea mji wa Goma. Habari ile ilipotufikia huku Katanga, sisi wa mgodi tulichanga. Hakuna mkubwa aliyetuamuru. Wengi kati yetu wana ndugu kule Kivu, na wale wasio na ndugu walisema kwamba mtu aliyeunguliwa nyumba haulizwi kabila. Siku ya mshahara tuliweka meza karibu na mlango, kila mtu akatoa alichoweza. Wake zetu walileta unga, maharagwe, sufuria, nguo za watoto. Sisi makarani tuliandika yote: jina, kitu, uzito, franka. Kisha tukapeleka mzigo kwenye ofisi moja iliyojitangaza kwamba itaufikisha Goma. Tukaomba karatasi ya mapokezi. Bwana aliyekuwa mezani akacheka, akatuuliza: "Ninyi mmekuja kutoa msaada ao mmekuja kuuza mali?"

Tangu siku ile hatujapata habari. Hatusemi kwamba mzigo uliibiwa. Pengine ulifika, pengine mama mmoja wa Buhene alipika kwa sufuria yetu. Hatujui, na kutojua huku ndiko shida yenyewe.

Sasa tunaombwa tena. Watu wa Kivu waliokimbia vita wako katika taabu, na katika mkutano wa tawi la chama mwezi uliopita mmoja wetu alisimama kuleta shauri la mchango mwingine. Mngesikia kelele! "Sitoi hata likuta moja." "Kwanza watuonyeshe mzigo wa zamani." Mzee mmoja wa kazi ya chini ya udongo akasema neno ambalo halikututoka kichwani: kama sisi wenye franka kidogo tunachekwa tukiuliza, je, zile dola milioni na milioni zinazotoka ng'ambo kila maafa yakitupata, nani anaziuliza, na anajibiwa nini? Tulimwahidi mzee kwamba tutaandika jibu. Ndilo hili.

Tuanze na Ebola, maana pale fedha zilikuwa nyingi na macho ya dunia yalikuwa wazi.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina na Beni. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na kati yao 2,287 walikufa. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba ugonjwa ule haukustahili kupigwa vita kwa nguvu zote. Ulipigwa, ukashindwa, na katika kazi ile walikuwamo Wakongo ambao tunawaonea fahari. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 wakati ugonjwa huu ulipoonekana mara ya kwanza, ndiye aliyepewa kuiongoza vita tangu Julai 2019. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kwa chanjo mpya. Tunasema haya mapema, asije mtu akatusingizia kwamba tunakataza wagonjwa wasitibiwe.

Lakini tazameni tarehe, wandugu. Karibu mwaka mzima Ebola ilikuwa inaua watu wa Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Misaada ilikuwako, wala hatukatai. Lakini waganga wakubwa walioitwa na OMS walikutana mara tatu, na mara tatu walisema bado haijawa hatari ya ulimwengu. Wafu walikwisha kupita 1,600. Halafu tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa mmoja akaonekana Goma, mji wenye uwanja wa ndege na mpaka unaovukwa na maelfu ya watu kila siku kwenda Gisenyi. Tarehe 17 Julai OMS ikatangaza hatari ya ulimwengu. Tarehe 24 Julai Benki ya Dunia ikatangaza kwamba itatoa hadi dola milioni 300. Siku kumi tu! Maiti 1,600 za vijijini hazikuweza kulifungua sanduku lile, bali mgonjwa mmoja aliyefika karibu na ndege alilifungua.

Wakati uleule kulikuwa na ugonjwa mwingine usiokuwa na sifa. Surua. Kila mama wa kambi anaijua: homa, macho mekundu, vipele, kisha kifua kinabana na mtoto anashindwa kupumua. Ilipita katika majimbo yote 26 ya Kongo, na haya ya kwetu ya shaba yalikuwamo. Mwanzoni mwa Januari 2020 OMS yenyewe ilihesabu wafu zaidi ya 6,000 tangu kuanza kwa mwaka 2019, na walioshukiwa kuugua karibu 310,000. Wengi wao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Ndiyo kusema surua ilikwisha kuua zaidi ya mara mbili ya wale walioua na Ebola. Na fedha? OMS ilisema zimepatikana dola milioni 27 na kitu, na zinahitajika milioni 40 nyingine ili kazi iendelee miezi sita.

Wekeni katika mzani, wandugu, kama tunavyopima mawe. Upande mmoja milioni 300 kwa tangazo moja. Upande mwingine milioni 27, na bado kuomba-omba. Tena surua si ugonjwa wa kutafutiwa dawa mpya. Chanjo yake imekuwako tangu mwaka 1963. Kinachotakiwa ni chanjo, barafu ya kuitunza njiani, pikipiki ya kuifikisha na mwuguzi aliyelipwa.

Kwa sababu gani basi? Sisi tunaona hivi. Mtoto wa Ulaya amekwisha kuchanjwa surua, kwa hiyo surua ya mtoto wa Kongo haimtishi baba yake. Ebola ingeweza kupanda ndege na kushuka Brussels ao Paris. Msaada ulifuata woga wa mtoaji kuliko kufuata kilio cha mwenye kufiwa. Hatusemi kwamba watoaji hawana huruma, wapo wengi wenye huruma ya kweli, na wengine wamefia katika udongo wetu. Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni alipigwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019 akiwa kazini. Lakini huruma peke yake haitii sahihi kwenye hundi. Anayetia sahihi ni mkubwa wa serikali ao wa benki, na yule anaulizwa na watu wake wa kwao, haulizwi na mama wa Kolwezi ao wa Butembo.

Tukisema Butembo, tuseme na jambo jingine ambalo wageni walichelewa kulielewa. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa kwa panga tangu Oktoba 2014. Usiku hata usiku walizika. Walilia, na kilio chao kiliishia milimani. Kisha ukaja ugonjwa mmoja, na kwa muda mfupi barabara zikajaa motokari mpya nyeupe. Mtu aliyezika ndugu wanne waliokatwa kwa panga akaletewa sabuni ya kunawa mikono. Akauliza: jana mlikuwa wapi? Tena Desemba 2018 Beni na Butembo waliambiwa kwamba kwa ajili ya Ebola na usalama mbovu hawatapiga kura pamoja na nchi, wangoje mpaka Machi 2019. Januari rais akaapishwa, nao kura yao ya rais ikapotea. Hapo watu wengi wakaamini kwamba ugonjwa ni siasa. Februari vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilichomwa. Hatuyatetei matendo yale. Waliouawa walikuwa waganga wetu na wagonjwa wetu. Lakini aliyekuja na fedha bila masikio alishiriki kuandaa kuni za moto ule.

Sasa tufike kwa matumizi yenyewe, kama yalikuwa ya busara.

Kazi ile iliitwa Riposte. Kwa watu wa Beni na Butembo jina lake lilikuwa biashara ya Ebola. Motokari zilikodiwa kwa dola, siku kwa siku, mwezi hata mwezi, na watu wakaona kwamba baadhi ya wenye motokari ni haohao wakubwa wenye kuamua nani akodiwe. Kodi za nyumba zikapanda. Askari wa kulinda misafara wakalipwa, na mahali askari analipwa kwa sababu ya hatari, je, atakuwa na haraka gani hatari iishe? Wauguzi waliacha vituo vya kawaida, vile vya malaria na vya kuzalisha, wakaenda mahali pa posho nono. Usiwalaumu, nao wana watoto. Lakini mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alikuta kiti kitupu.

Na kuna habari ambayo mkono wetu unaona haya kuiandika. Wanawake waliotafuta kazi za Riposte, kupika, kufagia, kuhesabu wagonjwa, waliombwa miili yao kwanza. Si uvumi wa kilabuni. Kamati iliyowekwa na OMS yenyewe ilitoa taarifa yake tarehe 28 Septemba 2021: wanaume 83 walishitakiwa, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Wengine walikuwa wageni, wengine walikuwa Wakongo wenzetu. Msaada ulioletwa kuokoa mwili wa binadamu ukageuka mshahara wa kununulia mwili wa binadamu.

Hatutaki kumsukumia Mzungu kila kitu, maana uongo wa namna hiyo unatuharibu sisi. Mwezi wa Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu waziri wetu wa afya wa zamani, Daktari Oly Ilunga, miaka mitano ya kazi ya shuruti kwa fedha za Ebola zaidi ya dola 400,000. Yeye alikana. Tena mwaka 2018 shirika moja la Marekani lililokuwa linawagawia fedha watu waliokimbia vita mashariki liligundua kwamba zaidi ya dola 600,000 zimeliwa kwa miezi michache. Namna yake karani yeyote ataitambua upesi. Wafanyabiashara na wakubwa wa mitaa waliandikisha majina ya wakimbizi wasiokuwako, na baadhi ya watumishi wa msaada wakafumba macho kwa kupewa sehemu yao. Siku ya kugawa, majina yalipata watu wa kuyasimamia. Mkimbizi wa kweli, aliyelala kanisani na watoto wake, akaambiwa orodha imefungwa.

Hadithi hii ya majina ni ya zamani. Mwaka 1994, mwezi wa Julai, Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache. Kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu katika mwezi mmoja. Dunia ilitikisika na ndege zikaja, na kweli maji na dawa viliokoa wengi. Lakini katika makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga nani alishika orodha? Waliishika mabwana walewale wa serikali iliyotoka kuua watu wake. Mashirika hayakujua lugha wala watu, yakaona ni rahisi kumkabidhi unga aliyejitangaza kuwa mkubwa. Mkubwa akaongeza hesabu ya watu wake, kilichozidi akakiuza, akalisha nacho askari wake. Mwishoni mwa mwaka ule Waganga wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka, wakisema hawawezi kuendelea kulisha wauaji. Sisi Wakongo, Wazaire wa wakati ule, tuliokaa kando ya makambi, tuliona miti ya Virunga ikikatwa kuwa kuni mpaka vilima vikabaki vipara. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mwenyeji wa Goma hakupona. Vita iliyofuata mwaka 1996 tunaifahamu sote, na mpaka leo tunazika.

Kwa hiyo karani wa mgodi anaposema orodha, asichekwe. Fikirini namna tunavyofanya sisi na gunia la madini. Linapotoka linapimwa. Karatasi ya mzigo inaandikwa mara tatu: moja inabaki, moja inakwenda na kamyo, moja inapanda ofisini. Dereva anatia sahihi. Kule linakofika linapimwa tena, na kilo zikipungua mtu anaitwa siku ileile. Hakuna bwana wa kampuni atakayekubali kuambiwa: tumetuma, amini tu. Na wazee wetu wanakumbuka posho ya kampuni ya zamani. Ile kampuni haikuwa mama yetu, lakini siku ya posho mke wa mfanyakazi alisimama mbele ya mzani, akautazama mshale kwa macho yake, na mshale ukidanganya kelele zilisikika mpaka nyumbani kwa mkubwa wa kambi. Gunia la shaba linapimwa mara mbili, na unga wa mjane usipimwe hata mara moja mbele yake?

Turudi kwenye mlima wetu wa moto, maana pale busara ilikosekana kabla ya maafa, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Nyiragongo si mwizi asiyejulikana. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka na moto ukapita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, watu zaidi ya 100,000 wakakosa nyumba. Mashirika yalifungua makambi upande wa Rwanda. Watu walikataa kukaa, wakarudi kwa miguu juu ya mawe yangali moto, kwa sababu kule nyuma kulikuwa na mashamba yao, maduka yao, na wezi. Kumbe mtu aliyepatwa anajua anachotaka kuliko aliyemchorea kambi kwenye karatasi! Baada ya hapo kila mtu alikubali kwamba mlima ule unahitaji kuangaliwa usiku na mchana. Goma ina ofisi ya wataalamu wa volkano, Wakongo waliosoma, wenye vyombo vya kusikia mtikisiko wa udongo. Mwaka 2020 fedha za Benki ya Dunia ziliisha na hazikuendelezwa, kukiwa na maneno ya ulaji mbaya wa fedha. Serikali yetu nayo haikuziba pengo. Ofisi ikakaa miezi kadhaa bila fedha ya kulipia intaneti, na vyombo vilivyokuwa mlimani havikuweza kutuma habari mjini. Intaneti, wandugu! Kitu ambacho mtoto wa sokoni ananunua kwa franka.

Mei 2021 mlima ulipasuka na watu hawakuonywa. Watu zaidi ya 30 walikufa, nyumba zaidi ya 3,000 ziliungua. Tarehe 27 Mei mitaa kumi ya Goma ikaamriwa kuhama kwa saa chache, watu kama 400,000 wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu, na Rwanda. Ndipo ndege zikaja, na hema, na mablanketi, na picha. Na ndipo tulipochanga sisi pia, tukiwa hatujui kwamba tunanunua ndoo baada ya nyumba kuungua. Waliopoteza nyumba wengi walikaa miezi na miezi katika mabanda. Kumsaidia aliyeungua kunapigwa picha, lakini nani atapiga picha ya mtaalamu aliyeketi mbele ya chombo chake usiku ambao hakuna kilichotokea?

Mtu asiseme kwamba ni Kongo peke yake. Wazee wa miji yetu wanawakumbuka walimu wa Haiti, waliokuja miaka ya 1960 wakati Wabelgiji walipoondoka na shule zikabaki bila walimu. Watu weusi kama sisi, wenye Kifaransa safi na fimbo isiyochoka. Tarehe 12 Januari 2010 nchi yao ilitikisika, mji wa Port-au-Prince ukaanguka. Dunia ilitoa mabilioni ya dola. Ofisi ya mjumbe wa Umoja wa Mataifa ilipofanya hesabu ya fedha za dharura, iliona kwamba serikali ya Haiti ilipata kama asilimia 1 tu. Sehemu kubwa ilirudi kwa majeshi na ofisi za nchi zilizotoa, nyingine kwa mashirika na makampuni yao. Tena mwezi wa Oktoba mwaka uleule askari wa Umoja wa Mataifa waliingiza kolera mtoni kwa uchafu wa kambi yao, nayo ikaua karibu watu 10,000. Ilichukua mpaka Desemba 2016 Katibu Mkuu kuomba msamaha. Tuliposoma habari ile tuliwakumbuka walimu wetu, tukajua kwamba tunasomea darasa moja.

Wenzetu wengine watasema: basi tukatae msaada, sisi ni nchi huru tangu 1960, tuna shaba na kobalti. Maneno matamu. Lakini mtoto wa surua hali bendera. Tena tumekwisha kuona mlango ukifungwa kwa ghafula. Mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya fedha za msaada wa dharura kwa Kongo zilitoka Marekani peke yake, na Januari 2025 rais mpya wa kule alizisimamisha kwa kalamu moja, wiki ileile ambayo vita ilikuwa inashuka juu ya Goma. Aliyefurahia siku ile hakuwa na mgonjwa nyumbani. Sisi tunadai jambo gumu zaidi ya kukataa. Tunataka shaba na kobalti zetu zilipe kwanza ile kazi isiyopigwa picha, chanjo ya surua na macho ya mlima, ili tusiiombe kwa mtu. Na msaada unaokuja kutoka nje uje, lakini uhesabiwe hapa, kwa lugha yetu, mbele ya aliyeletewa.

Waliosoma kwa mapadri ao kwa wamisionari wanakijua kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kulikuwa na manung'uniko: wajane wa watu wa lugha ya Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema "mnatutukana". Hawakuleta mtaalamu kutoka Roma. Waliwaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wenye sifa njema, na wale ndio wakapewa ugawaji. Tulikariri sura ile shuleni, na padri alitufundisha ni habari ya utakatifu. Leo tunaona ni habari ya daftari pia.

Basi jibu letu kwa mzee wa chini ya udongo ni hili: mchango utafanyika, lakini kwa njia yetu. Siku ya mshahara meza itakuwa mbele ya ukumbi wa chama, si ndani. Saba watachaguliwa na mkutano, watatu kati yao wanawake, kwa maana wao ndio wanaojua uzito wa unga kwa mkono. Mzani utakuwa wazi. Orodha itaandikwa mara tatu, moja itapigwa msumari mlangoni, na asiyejua kusoma atasomewa na watoto wa shule. Wawili wetu watasafiri na mzigo. Kule utakakofika hawatamtafuta mkubwa wa kambi kwanza, watawatafuta wanawake waliopanga foleni ya maji, waulize nani hajapata. Nao watarudi na sahihi, ao alama za vidole gumba, za wale waliopokea. Karatasi ile itapigwa msumari kando ya ya kwanza, na kila mtu ajumlishe mwenyewe.

Na ile ofisi ya mwaka 2021, tumeiandikia barua ya tatu. Ikijibu, tutalichapa jibu lake hapa, neno kwa neno.